Bafu la mgeni, ukuta wa chokaa: hesabu ya utalii Mji Mkongwe

Mjadala wa wageni na Mji Mkongwe wa Zanzibar hauishi barazani. Wapo wanaosema wageni ndio waliouokoa mji: miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikibomoka, leo nyingi zina mabati mapya, rangi na taa mlangoni. Wapo wanaosema wageni ndio wanaoumaliza: pita mtaa wa Shangani saa tatu usiku, usikilize kama kuna mama anayemwita mtoto kutoka dirishani. Kila upande unasema unachokiona, na unachokiona kipo. Kasoro ni kwamba maneno yote huwa ya pesa na mila, na nyumba yenyewe haiulizwi. Nyumba ina masharti yake, na haijali kama aliyelala ndani ni mgeni au mwenyeji.

Tuanzie ukutani. Mawe ya matumbawe yameungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wa ukuta mara nyingi ni nusu mita au zaidi. Chokaa ilipatikana kwa kupanga magogo, kurundika matumbawe juu yake na kuchoma mpaka jiwe likawa jepesi, kisha kulizima kwa maji na kuliacha likae kabla halijatumika. Ukuta wa namna hii ni laini ukiupima na saruji. Unasimama kwa unene wake, na unadumu kwa sababu unapitisha unyevu. Maji ya ardhini hupanda, mvua hupenya, jua likiwaka unyevu hutoka nje kupitia lipu ya chokaa. Lipu ndiyo inayoliwa, ukuta unabaki. Kupaka upya kila baada ya miaka michache ni matunzo ya kawaida, kama kubadilisha makuti ya paa.

Sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuziba nafasi kubwa, kwa kawaida haizidi kama mita tatu kati ya ukuta na ukuta, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba hata kwa tajiri. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, halafu zege la chokaa lililotwangwa mpaka likashikana. Ncha za boriti zimechomekwa ndani ya ukuta, na hapo ndipo nyumba huanza kufa. Ukuta ukilowa na usikauke, ncha inaoza pole pole, katikati ya boriti kukiwa bado kuzima. Ukitazama dari kutoka chini huoni kitu. Dalili huwa ndogo: sakafu inayoteremka kidogo kuelekea pembeni, vumbi la chokaa linalodondoka juu ya kabati, mlango uliokuwa ukifungika ambao sasa unakwama. Kisha siku moja chumba kizima kinashuka.

Kwa hiyo adui wa Mji Mkongwe ni maji, na msaidizi wake mkubwa ni saruji. Fundi anayeona lipu ya chokaa inamenyuka hushawishika kuibandua na kupiga ya saruji, kwa kuwa ni ngumu, inakauka haraka na mwenye nyumba anaridhika. Kwa mwaka au miwili ukuta unapendeza. Ndani yake unyevu umenaswa, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi ya bahari inapanda nao. Saruji huachia kwa vipande vikubwa, ikitoka na ngozi ya jiwe. Zege lenye nondo nalo, likimwagwa mahali pa sakafu ya boriti, huongeza uzito juu ya kuta ambazo hazikutarajia uzito huo, na nondo zinashika kutu kwa hewa ya chumvi na kulipasua zege lenyewe.

Ukishaelewa hivyo, hoja za pande mbili zinasomeka vingine.

Upande unaotetea hoteli una hoja nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wenyewe wengi waliondoka, na jumba lililokuwa la familia moja likagawanywa kwa familia kadhaa. Kodi zilikuwa ndogo. Chukua mfano wa nyumba ya ghorofa tatu yenye familia tano: paa linavuja. Anayelowa ni wa juu, wa chini hana habari, mwenye nyumba ni serikali au wakfu, na kodi ya mwaka mzima haitoshi kununua mabati. Nani atoe? Hakuna anayetoa, na ubaya wa moyo hauhusiki, ni mpangilio tu. Kila mtu ana chumba, paa halina mtu. Hoteli inatatua hilo kwa mara moja: nyumba inapata mwenye mmoja, mfuko mmoja, na sababu ya kutazama paa kabla ya msimu wa wageni. Serikali ilipoanza kuwauzia watu binafsi baadhi ya nyumba, zilizopata wanunuzi wenye fedha ndizo zilizosimama.

Jambo la pili hutajwa mara chache, nalo ni ufundi. Mwashi anayejua kuzima chokaa, seremala anayeweza kuunga kipande kipya kwenye roshani bila kubadilisha roshani nzima, mchonga milango: hawa hawaishi kwa sifa. Wanahitaji kazi mwaka baada ya mwaka, na anayelipa kazi hiyo zaidi siku hizi ni mwenye hoteli au mfadhili. Kazi ikikatika kwa kizazi kimoja, chokaa itakuwepo lakini mkono wa kuipiga hautakuwepo.

Sasa upande wa pili. Nyumba ya kale ilikuwa na vyoo vichache, mara nyingi kimoja au viwili kwa ghorofa, vimepangwa pembeni kabisa, ukutani mwa nje, choo cha juu kikiwa juu ya cha chini. Aliyejenga alijua anachokikwepa. Mgeni wa leo anataka bafu lake chumbani. Nyumba ya vyumba kumi na mbili inageuka kuwa na mabafu kumi na mawili, mengi yakiwa katikati ya sakafu za boriti, mabomba yakipita ndani ya kuta za chokaa ambako hakuna jicho linaloyafikia. Vigae vinaonekana vinazuia maji, lakini sakafu ya boriti hucheza kidogo mtu akitembea, maungio ya vigae yanapasuka nyufa nyembamba kama unywele, na maji yanashuka polepole kila asubuhi kila jioni. Juu ya paa kuna matangi. Lita 1,000 ni tani moja kamili, na hoteli haina tangi moja. Viyoyozi navyo vinadondosha maji yao ukutani, mstari wa kijani kibichi unakuonyesha mahali.

Nyumba ya aina hii inang'aa nje huku ikiloa ndani, tena kwa kasi kuliko ile ya jirani iliyochakaa ambayo haina bomba hata moja ghorofa ya pili. Hili watetezi wa hoteli hulikwepa. Ukarabati mmoja wa kupendeza si uhai wa nyumba, na nyumba yenye mabafu mengi inahitaji ukaguzi wa mara kwa mara zaidi.

Wapinzani nao wana hoja nyingine ambayo wengi huiona ya huruma tu, nami naiona ya kiufundi: wakaazi ni macho. Familia inayoishi ndani mwaka mzima inasikia tone la kwanza. Bibi anajua ukuta upi hulowa na mvua ipi. Nyumba za kupangisha kwa siku chache, zinazofungwa wakati wa masika kwa sababu wageni ni wachache, zinafungwa wakati ule ule zinapohitaji mtu ndani. Gata, yaani mfereji wa maji ya paa, likiziba Aprili, mwenye nyumba atajua Juni. Lamu wanalifahamu hili kwa sura yake: nyumba nzuri zilizonunuliwa na watu wa nje, zikakarabatiwa kwa ustadi, kisha zikakaliwa wiki chache kwa mwaka.

Na ipo hoja ya ukubwa. Ujenzi wa hoteli kwenye jumba la kale la Mambo Msiige, ufukweni Shangani, ulifika mbele ya Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambayo haikufurahishwa na ukubwa wake. Mji uliingizwa kwenye orodha ya urithi mwaka 2000 kwa ujumla wake: eneo la hekta 96, mpangilio wa vichochoro, mstari wa nyumba unaouona ukiingia kwa meli. Jengo moja likivimba kwenye mstari huo, kinachoharibika si jengo hilo peke yake. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, ina kazi ya kutoa vibali na kuzuia mambo ya aina hiyo, lakini kumzuia mwenye nyumba anayeongeza chumba juu ya paa ni rahisi kuliko kumzuia mwekezaji mkubwa. Kila mkaazi anaijua tofauti hiyo, ndiyo maana sheria ya uhifadhi wakati mwingine huonekana kama mzigo wa maskini.

Mfano unaoumiza pande zote ni Beit el-Ajaib. Sultan Barghash alilijenga 1883, likawa jengo la kwanza mjini kuwa na umeme. Lilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Lilitumiwa na serikali, likawa makumbusho, na karibu kila mgeni aliyefika Zanzibar alilipiga picha. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka likafungwa, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa viliporomoka na watu wawili wakafariki. Hapa hapakuwa na mabafu ya watalii, wala familia tano zisizoelewana kuhusu paa. Palikuwa na umaarufu wa kutosha. Umaarufu hauzibi ufa, na tiketi ya makumbusho haigeuki kuwa chokaa mpaka pawepo mtu mwenye wajibu wa kuigeuza. Wanaosema "waje wengi zaidi, fedha zitapatikana" wanapaswa kulijibu jengo hili kwanza.

Umbali wa dakika chache kwa miguu, kwenye Barabara ya Mizingani, lipo jibu tofauti. Zahanati ya Kale, yenye roshani za mbao za kijani, iliwekewa jiwe la msingi 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan na ikamalizika 1894. Ilikarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ikapewa kazi ya shughuli za utamaduni na ofisi: watu wako ndani mchana kutwa, maji ni kidogo. Taasisi hiyo hiyo ilikarabati bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya 2009, ambako jioni mgeni na mwenyeji wanakaa ukingo mmoja wakila sahani zilezile. Kasoro ya njia hii ni wazi: ni fedha za mfadhili, na mfadhili hawezi kukarabati nyumba takriban 1,700.

Kwa hiyo swali la kwamba wageni waje wengi au wachache naliona halina faida. Fedha ya mgeni ikitua kwenye chumba cha kulala na duka la vinyago tu, itakarabati mitaa michache ya Shangani na Hurumzi na kuiacha Kiponda na Malindi zivujiwe. Lililo la maana ni fedha hiyo ipite wapi, na hapo mgeni ana uwezo kidogo, hasa yule anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi na kuielewa lugha.

Anza na saa. Mji uko upande wa magharibi wa kisiwa, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma ya majumba ya ufukweni na picha za Mizingani hutoka nyeusi. Asubuhi ingia vichochoroni, alasiri toka uende ufukweni. Njia moja inayofaa: Darajani, Mkunazini, Sokomuhogo, Hurumzi, Kiponda, Malindi, halafu Mizingani mpaka Forodhani. Haizidi kilomita tatu, lakini tenga saa nne. Ramani ya simu hupoteza mahali kati ya kuta ndefu, usiitegemee. Ukipotea nenda moja kwa moja: mashariki utatokea barabara kubwa ya Darajani, pande nyingine nyingi utatokea baharini. Ijumaa mchana maduka mengi hufunga kwa sala, na mwezi wa Ramadhani usitarajie kula hadharani mchana. Nguo zifunike mabega na magoti. Misikiti itazame kwa nje tu, na wa Malindi una mnara wenye umbo la pia, uliochongoka juu, ambao hutauona mahali pengi pwani hii.

Mwongozaji mwenye leseni anastahili ujira wake. Mwambie akuonyeshe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, mkubaliane bei na muda kabla ya kuondoka. Papasi, yaani dalali wa mitaani, anayekufuata kutoka bandarini akisema ni matembezi ya bure hulipwa na duka au hoteli atakayokupeleka, na kamisheni hiyo unailipa wewe ndani ya bei. Simulizi za milango zisikilize kwa tabasamu. Utaambiwa misumari mikubwa ya shaba ni ya kuzuia tembo. Unguja haina tembo, misumari ilikuja na mitindo ya Bara Hindi na hapa ikawa fahari ya mwenye mlango. Tazama badala yake kazi yenyewe: kizingiti cha juu kilichonyooka ni cha mtindo wa Kiarabu, upinde wa nusu duara ulishamiri baadaye kwa athari ya Kihindi, milango yenye vipande vingi vya mraba vinavyokunjwa ni ya maduka ya Kigujarati. Angalia mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, na angalia chini ya miimo, nguzo za pembeni, ambako samaki huchongwa. Mlango uliopakwa vanishi nzito inayong'aa kama meza ya hotelini umekosewa, mbao za zamani zilitunzwa kwa mafuta.

Baraza ya nyumba si benchi la umma. Ni mali ya nyumba, ni ukumbi wa wanaume wa mtaa, na mvua kubwa ikishuka kichochoro kikawa mto ndiyo njia ya kupita. Toa salamu, omba ruhusa, kamera ibaki chini mpaka umejibiwa. Gahawa ya barazani si ghali, na fedha yake inabaki mtaani moja kwa moja. Ndivyo ilivyo kwa mama anayeuza urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, mlangoni kwake, tofauti na sahani ya Forodhani, ambako uulize bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa motoni.

Ukiwa mtaani, zisome kuta. Lipu inayomenyuka sare chini, hadi kiuno cha mtu, ni unyevu wa ardhini, wa kawaida. Ikimenyuka juu, chini ya dirisha au roshani, kuna bomba au gata. Kiraka cha kijivu kilicho kigumu ni saruji, na ukirudi mwaka ujao utaona ukuta umeliwa pembezoni mwake. Mche wa mkuyu uliochipua juu ya ukuta unaonekana mzuri kwenye picha, lakini mizizi yake inafungua mawe, na kuukata juu tu bila kuua mzizi ni kuupogoa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hukimbia, na ndio wakati mji unaposema kweli yake: kila ukuta unaonyesha unakolowa. Bei za vyumba hushuka pia.

Na ukitafuta pa kulala, usiishie kuuliza bei na intaneti. Uliza bafu liko wapi. Nyumba iliyoyapanga mabafu yake upande mmoja, ghorofa juu ya ghorofa, mabomba yakiteremka uani yanakoonekana, imekubali kupoteza vyumba viwili vitatu vya kuuza ili boriti zake zibaki kavu. Nyingine itakuwa na bafu kila chumba na picha nzuri mtandaoni. Gonga ukuta ulio nyuma ya bafu hilo: ukisikia sauti ya utupu, lipu imeshaachia.